Jani la Nne la Ua la Mkahawa

Kama ulikulia mtaani kwetu Buyenzi enzi zetu, harufu ya gundi ya ngozi huna haja ya kuelezwa. Ilichemshwa kwenye kopo juu ya makaa, na mgeni akipita uani kwetu alifunika pua akidhani tunapika mbuzi aliyekufa juzi. Mimi harufu ile naipenda mpaka leo. Ndiyo iliyonipiga mwezi uliopita hapa nyumbani kwangu Gasenyi, pale mpwa wangu Asha alipofungua kanga na kuweka mezani kisanduku cha marehemu mama yake. Alikuwa ametoka nacho Kigoma, na bandarini aliteremka amekipakata, hakutaka mchukuzi yeyote akiguse. Mafundi wataniambia gundi iliyokauka miaka yote hiyo hainuki. Basi pua yangu ni mjinga, kwa sababu ilinuka.

Sikukifungua. Nilikitazama tu. Kifuniko chekundu cha libuyu, ile mbao ya Kongo, na katikati yake ua jeupe la mkahawa, yaani mti wa kahawa, lenye majani matano, lililotengenezwa kwa mti wenyewe wa mkahawa. Kando ya jani la nne kuna mstari mwembamba mweusi, kama ufa. Watu wengi hawauoni. Mimi niliuona kabla ya kuliona ua, maana mstari ule ni wa mkono wangu.

Mama alifariki sijaweza hata kutembea. Dada Mwajuma, aliyenizidi miaka kumi na mmoja, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanisuka, akanipeleka chuoni kusoma Kurani, na nilipostahili kuchapwa alinichapa yeye mwenyewe. Sikuwa na mama mwingine wa kumkumbuka. Watu wakisema “maskini, hana mama”, nilikuwa nageuka kumtafuta huyo mtoto wanayemwonea huruma.

Baba alikuwa seremala. Vitanda na makabati ndivyo vilivyotulisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye visanduku vya nakshi. Alipasua mbao kwa msumeno wa mkono mpaka zikawa bapa nyembamba kama ukucha. Kisha alichukua bapa moja jeupe na moja jekundu, akayabandika pamoja kwa karatasi na uji wa muhogo, akachora ua juu yake, akayakata yote mawili kwa pamoja kwa kile kimsumeno chembamba alichokiita bokfili, ambacho meno yake yalikuwa madogo kuliko ya ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu. Kila jani la ua lilitoka mara mbili, jeupe na jekundu. Jeupe likaingia kwenye tundu la bapa jekundu, na jekundu likaingia kwenye tundu la bapa jeupe, na hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata unywele. Nyuma ya kila jani aliandika namba kwa penseli, lisije likapotea njia.

“Bintu bilivyokatwa pamoja ndiyo binaingiana,” alikuwa akituambia. “Kyenye kimekatwa peke yake kitakuachia tundu.”

Baada ya hapo alilaza ua kifudifudi juu ya karatasi na kuendelea kulifanyia kazi kwa mgongo. Sura ya kitu huioni mpaka mwisho kabisa, gundi ikishashika na karatasi ikibanduliwa kwa kitambaa cha maji. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya karakana yetu, na ilimtesa mtoto mwenye haraka kama mimi.

Lakini kabla ya kuyalaza majani, aliyakaanga. Sitanii. Tulikuwa tukienda Kajaga Jumapili kuchota mchanga laini wa ziwani, tukauosha, na Baba akaupasha moto kwenye kikaango. Alishika jani kwa koleo, akachovya ukingo wake mchangani, na ukingo ukageuka kahawia taratibu, ua likaonekana limejikunja kama la kweli. Mimi kwa miaka miwili mizima niliamini kuwa mbao ni lazima zikaangwe ndipo ziive, na kwamba kabati la nyumba yoyote, ukiling'ata, limekolea chumvi. Ushahidi niliokuwa nao ni kwamba kikaango kilikuwa cha samaki.

“Baba, lakini si nilikwambia hiyo ni ya samaki!” Dada alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni.

“Samaki atangoja,” Baba anajibu. “Yeye alishakufa.”

Ndivyo tulivyoishi, watatu, mpaka alipotokea Shemeji Hamisi. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi kutoka Kigoma, aliyeshusha magunia yake pale bandarini, na alimwona Dada siku moja alipokwenda kumpelekea Baba chakula kwenye kazi ya milango ya ghala. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinikera kuliko kitu chochote. Aliniletea biskuti. Nilizila zote, na chuki yangu nikabaki nayo.

Posa ikakubaliwa. Ndoa ingefungwa Jumapili nyumbani kwetu, na Jumanne wapande meli. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na miaka tisa, na niliposikia wanawake wa mtaani wakisema “Mwajuma anaenda kwake”, nilishangaa sana, kwa sababu kwake ni hapa, kitanda chake nakijua, tunalala wawili.

Siku moja akaja mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi na kumhimiza Baba. Akasema kisanduku alichokuwa akimtengenezea Dada kitafuata baadaye, meli zipo kila juma. Baba aliweka chini patasi yake. Katika ukoo wetu, bibi yake Baba aliingia mji huu akitoka Ujiji na kisanduku chake kichwani, na tangu hapo kila binti aliyeolewa alitoka na chake, chenye udi na marashi na vitu vyake vya siri.

“Mutoto wangu hatatoka humu bila kisanduku yake,” Baba alisema. “Hata kama ni meli, ingoje.”

Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Wengine walisikia maneno ya mzee mwenye msimamo. Mimi nilisikia amri. Bila kisanduku, hatoki. Nikafurahi mpaka nikamwaga chai.

Kesho yake, Baba alipokwenda kuswali adhuhuri, niliingia karakana. Majani matano meupe yalikuwa yamepangwa juu ya karatasi, yanangoja kukaangwa. Nikachukua moja, la nne, nikalitia kwenye kibiriti kitupu, na kibiriti nikakificha nyuma ya pipa la maji. Mikono haikunitetemeka. Mimi nikishaamua jambo huwa sitetemeki, ni tabia ambayo baadaye ilinisaidia shuleni na kunitia hasara katika ndoa.

Baba aliporudi alihesabu. “Moja, mbili, tatu, tano. Ya ine iko wapi?”

Tulitafuta wote, na mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote. Nilitambaa chini ya meza, nikapekua vumbi la mbao, hata nikawasingizia kuku. Halikuonekana. Fundi mwingine angechonga jani jipya, pengo akalijaza kwa gundi na unga wa mbao, na mteja asingejua maisha yake yote. Baba alisema yeye angejua.

Kesho yake nilikwenda kutazama mali yangu. Kibiriti kilikuwepo, lakini kitupu. Nikaketi pale nyuma ya pipa nikifikiri. Baba asingeweza kulipata akanyamaza, angelirudisha mahali pake na kisanduku kingeisha. Basi ni panya. Panya amekula jani, na panya, bila kujua, yuko upande wangu! Nilimpenda panya yule. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimwachia kipande cha mkate wangu pale nyuma ya pipa, nikimwambia kwa sauti, “Kula, panya wangu”, na kila mchana nilipotoka shule mkate haupo. Nikajua tumeelewana.

Jioni hiyo Baba alimwuliza Dada mara ya mwisho. “Mwaju, umefagia muzuri? Juu nikianza upya, ni kupasua bapa zingine, ni kuchora, ni kukata. Jumapili hatutafika.”

Dada alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. “Nimefagia kote, Baba. Haiko.”

“Basi harusi itangoja juma moja.”

“Sawa, Baba,” akasema Dada, na akaendelea kupepeta.

Juma moja! Niliruka kamba uani mpaka jua likazama. Na juma lile lilikuwa zuri ajabu. Dada alinisuka mara mbili ingawa nywele zangu hazikuhitaji. Alinipikia mikate ya ndizi. Alinipeleka Kajaga tukakanyaga maji mpaka magotini, akaniambia habari za mama, mambo ambayo hakuwahi kunisimulia, kwamba alipenda kuimba akifua na kwamba hakujua kabisa kuimba. Nikajisemea, unaona, amebadili mawazo.

Baba akapasua mabapa mapya, akachora, akakata. Majani matano mengine yakalala juu ya karatasi. Nami nikarudi, adhuhuri ileile, kwa mkono uleule. Safari hii nilikuwa nimeshashika jani wakati sauti ilipotoka nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani.

“Chukua yote basi. Hiyo moja itasikia baridi peke yake.”

Baba alikuwa ameketi pale kwenye kigoda, hakwenda msikitini. Niliposhtuka nilikaza ngumi. Mkahawa ni mti mgumu lakini bapa lake huvunjika upesi, na nilisikia kabisa lilivyolia mkononi mwangu, ka!

“Siku za mwizi ni arobaini,” Baba akasema. “We hata kumi haukufikisha.” Kisha akanitazama vizuri, na mzaha ukamtoka usoni, akaniita kwa jina langu la nyumbani. “Kadogo. Juu ya nini?” Yaani kwa nini.

Nilitaka kudanganya tena. Nikashindwa. “Ulisema hatatoka bila kisanduku.”

Baba aliinuka kwenye kigoda. Halafu akaita, “Mwaju! Kuja hapa.”

Dada alikuja na mikono yenye unga. Baba akamwambia, “Sikia mudogo wako,” naye akatoka nje, akatuacha. Nilirudia maneno yaleyale. Nilitegemea atanichapa au atacheka. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mabega kwa ile mikono ya unga.

“Kadogo, nisikie. Kisanduku si kufuli. Hata kisipoisha, nitaenda. Nitatoka humu hata na sashe.”

Sashe ni ile mifuko ya plastiki ya sokoni. Sijawahi kusikia neno la kikatili kama lile. “Apana,” nikasema.

“Ego,” akasema yeye, yaani ndiyo. “Hata na sashe. Ni mi nimekubali, hakuna mutu alinilazimisha. Unasikia? Nitalia, lakini nitaenda.”

Alikuwa analia tayari. Nilimsukuma, nikakimbia, nikajificha nyuma ya pipa la maji na nikawa namchukia yeye, na Shemeji, na Baba, na chumvi yote ya dunia. Nililia mpaka kwikwi zikaisha zenyewe. Halafu likanijia wazo, na wazo lile lilikuwa gumu kama jiwe: dada yangu hatapanda meli na sashe. Hao watu wa Kigoma hawatamwona anashuka na mfuko wa nyanya. Kama ni kwenda, ataenda na kisanduku, na nitakimaliza mimi.

Nikarudi karakana. Baba alikuwa anatazama kabati la bapa. “Mkahawa imebaki moja tu,” alisema bila kugeuka.

“Nitakata mi.”

“Ukiharibu hiyo, hakuna ingine. Sashe itakuwa ya kweli.”

“Nitakata mi,” nikarudia.

Sijui mpaka leo kwa nini alikubali. Labda aliona kwamba nisipokata nitabaki mwizi maisha yangu yote. Alinipa mabaki ya mti wa avoka, yaani parachichi, nijifunzie. Siku ya kwanza nilivunja nyembe tatu za bokfili na sikutoa hata jani moja. “Usiisukume,” Baba alisema. “Msumeno yenyewe inajua kula. We shika mbao, uizungushe.” Siku ya pili nilikata jani lenye umbo la sikio la mbuzi. Vidole vilitoka malengelenge, Dada akavifunga kwa vitambaa bila kusema kitu, na mimi sikumshukuru. Tulikuwa hatusemezani, yaani mimi nilikuwa simsemeshi, yeye alinisemesha kama kawaida na kujijibu mwenyewe. Shule nilikwenda, lakini akili niliiacha kwenye benchi. Siku ya tatu nilitoa majani matano ya avoka yaliyofanana, na Baba akayageuzageuza, akapuliza vumbi, akasema, “Sasa.”

Akabandika lile bapa la mwisho la mkahawa na la libuyu. Akachora. Akaondoka akaenda kusimama uani kabisa, amenipa mgongo, ili nisimsikie anavyohema.

Jani la kwanza, la pili, la tatu, yalikwenda. Kwenye la nne, karibu na ncha, wembe ukapita nje ya mstari. Kidogo tu. Lakini nilihisi mkononi. Nilitaka kulia, nikakumbuka sashe, nikazungusha mbao, nikaendelea. La tano likatoka safi.

Baba alipokuja nilimwonyesha mwenyewe, sikungoja agundue. “Hapa niliteleza.”

Huyu ndiye mtu aliyeahirisha harusi ya binti yake kwa sababu hakutaka pengo. Aliliinua jani la nne kwenye mwanga, akalirudisha kwenye tundu lake, akapitisha ukucha kwenye upenyo. Nikangoja. Akachota unga wa mbao, akauweka kando uje kuchanganywa na gundi kujaza ule upenyo.

“Itakuwa nyeusi,” nikasema.

“Iache ikuwe nyeusi. Dada yako atajua ni nani alimupa.”

Nilikaanga kingo mimi, kwenye kikaango cha samaki, na safari hii hakuna aliyepiga kelele jikoni. Gundi ikachemka, ua likalazwa kifudifudi, mfuko wa mchanga moto ukawekwa juu yake. Asubuhi ya Ijumaa Baba alimwita Dada abandue karatasi. Dada alilowesha kitambaa akasugua polepole, na ua likajitokeza, jeupe, limejikunja, na ule mstari wake mweusi. Akaweka kidole palepale kwenye mstari, bila kutafuta, wala hakuuliza. Ndipo nikamsemesha. Nilimwambia, “Usikiweke kwenye jua, gundi itaachia.” Yalikuwa maneno ya fundi, lakini alinikumbatia kana kwamba nimesema jingine.

Jumapili ndoa ikafungwa, na Jumanne tulimsindikiza bandarini. Wachukuzi walibeba mkeka, masufuria na sanduku la nguo. Kisanduku alikishika yeye. Nilijiapiza sitalia, na sikulia, nilisimama nimenyooka kama askari mpaka meli ikawa ndogo. Kisha nikamwomba Baba turudi karakana, kulikuwa na kitanda cha mteja hakijapigwa randa. Nyumbani nilimwekea panya mkate wake kama kawaida. Mchana niliukuta palepale. Kesho yake pia. Nikaona kwamba hata panya ameondoka, na nikadhani panya ni kama watu, hawakai mahali penye huzuni.

Yote hayo yalinipitia mezani Gasenyi, mkono juu ya kifuniko, chai ikipoa.

“Fungua, Mama mdogo,” Asha akaniambia. “Mama alisema ufungue mbele yangu.”

Nikafungua. Udi. Tasbihi yake. Picha ya Baba amesimama mbele ya karakana, amekunja uso kama anayedai deni. Na chini kabisa, kwenye kitambaa, jani dogo la mbao, limegeuka manjano kama jino la mzee. Ukingo wake haukukaangwa. Nililigeuza. Nyuma yake, kwa penseli, kwa mkono wa Baba, iliandikwa namba 4.

Asha alikuwa ananitazama kwa wasiwasi. “Sikuelewa alichosema,” akasema, “lakini alinifanya nirudie mara tatu nisije nikakosea. Alisema: mwambie mdogo wangu, panya anamshukuru kwa mkate. Na kwa lile juma moja.”